Gambuti Juu ya Kamera

Bega langu la kulia liliganda katika msimu ambao harusi zilikuwa nyingi kuliko wapiga picha. Sikuanguka, sikubeba mzigo, sikupigana na mtu. Niliamka tu asubuhi moja nikashindwa kuvaa blauzi, na kufikia mwisho wa wiki mkono haukupanda kupita kifua. Daktari aliukunja huku na huku nikipiga kelele kama mbuzi, kisha akasema bega la namna hiyo huwajia wanawake wa umri wangu bila kubisha hodi, na huondoka lenyewe, pengine baada ya mwaka, pengine miwili. Nikamwuliza nitapigaje picha. Akasema nipumzike. Watu wenye mshahara hupenda sana kuwaambia wenzao wapumzike.

Mimi ni mpiga picha wa nje. Sina studio, sina pazia wala taa za miguu mitatu. Kazi yangu ni ubatizo wa Dabani, mazishi ya Lunyo, harusi za Tororo, na mara nyingine navuka mpaka kwenda Busia ya Kenya kupiga mahafali ya shule. Kwa miaka yote hiyo nimefanya kazi kwa namna moja, kamera jichoni na kiwiko kimebana ubavu. Sasa kiwiko kilikataa kuondoka ubavuni. Niliogopa, na naliandika hilo waziwazi kwa sababu siku zile nilimdanganya kila aliyeniuliza.

Kilichoniokoa ni kumkumbuka mzee aliyenifundisha kazi. Alikuwa na kamera ya zamani yenye macho mawili, moja juu ya lingine, na kifuniko utosini. Aliining'iniza shingoni ikakaa tumboni, akafungua kifuniko na kutazama chini kama mtu anayesoma kitabu cha nyimbo kanisani. Ndani ya kile kioo dunia ilikuwa kinyume, anayekwenda kulia ukamwona anakwenda kushoto, na mimi mwanafunzi nilikuwa nikimfuata bibi harusi upande asiokwenda. Mzee alinicheka. Aliniambia kwamba mtu ukimkodolea macho atakupa uso wa kitambulisho, lakini ukiinama atakusahau.

Kamera yangu ya sasa ni ndogo, ya mitumba, ya aina hizi mpya zisizo na kioo cha kupinduka ndani. Skrini yake ya nyuma huvutwa na kuinuka kama kifuniko cha sufuria. Tangu niinunue sikuwahi kuivuta, kwa kuwa nilidhani ni mambo ya vijana wanaojirekodi wakicheza. Nikaivuta. Nikaishusha kamera mpaka kwenye kitovu, kiwiko kikabaki palepale kinapotaka, na ndani ya skrini nikaona kuku wa jirani, mti wa mpapai na kamba ya nguo. Bega halikuuma hata kidogo. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Kicheko kilidumu mpaka saa sita. Jua la Busia la mchana halina adabu. Skrini iligeuka kuwa beseni la maji, nikaona pua yangu tu na mawingu nyuma yake. Nilijaribu mwavuli, nikagundua binadamu ana mikono miwili, na wangu ulikuwa mmoja na nusu. Nilijifunika leso kichwani, jirani akaja kunipa pole akidhani nimefiwa. Hapo ndipo nikakumbuka gambuti.

Baba alipofariki, miaka sita kabla ya bega, na siku ya kugawa vitu vyake ilipofika, kaka zangu walichukua koti, baiskeli, redio na nyundo. Mimi nikapewa magambuti, viatu vyake virefu vya mpira vya kwendea shambani. Yalikuwa makubwa kiasi kwamba hakuna aliyeyataka, na la kushoto lilikuwa na kiraka chekundu cha mpira wa baiskeli alichokibandika mwenyewe. Niliyaweka chini ya kitanda. Sikujua nitayafanyia nini, lakini sikuweza kuyatupa.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo si la kamera tu. Picha ya mwisho ya baba niliipiga mimi. Nilikwenda nyumbani Masaba siku moja, nikamsimamisha uani mbele ya mihogo, nikainua kamera nikampiga. Wiki tatu baadaye tulimzika. Picha ile ilikuzwa, ikawekwa kwenye fremu, ikatangulia mbele ya jeneza kama ilivyo desturi yetu huku. Baada ya mazishi mama aliniita kando akasema neno moja tu. Alisema, "Ulimlenga."

Tangu siku ile mama hakutaka kamera mbele yake. Nikiinua tu, hata kwa kumpiga mjukuu, anaondoka. Anasema wazi kwamba watoto wakianza kumtafutia mzee picha nzuri, wanajua wanaitafutia safari gani. Nina picha za maharusi ambao hata ndoa zao zimeshavunjika, na ya mama yangu sikuwa nayo ila ile ya kitambulisho, ambamo anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Kila mwaka mgongo wake ulizidi kupinda. Nilimtaka mama yangu kwenye picha kuliko nilivyotaka bega langu lipone. Tena nilitaka aniondolee lile neno.

Fundi viatu wangu yuko upande wa Kenya, hatua chache kutoka malori yanaposubiri kuvuka. Nilimpelekea gambuti la kushoto, nikamwambia nataka akate shingo yake iwe kivuli cha skrini, aibane chini iwe na pembe nne kama skrini, na juu aiache wazi ya kutosha uso.

Akaligeuzageuza. "Madam, hii gambuti bado iko fiti. Si nikuwekee kiraka kingine tu?"

"Kata."

"Na ile ya kulia?"

"Ya kulia haina kosa."

Alikata huku akitikisa kichwa, akashona na uzi wa viatu, akatia utepe wa kushika. Alipomaliza aliivalisha kamera mwenyewe, akatia uso ndani, akakaa humo muda mrefu akiyatazama malori. Alipotoka akasema, "Aisee, huku ndani ni kama sinema." Kiraka chekundu kilikuwa kimebaki mbele, sikuwa nimemwambia akiondoe.

Kazi ya kwanza ya gambuti ilikuwa Tororo, kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana kwa wakwe zake. Kule hata mpiga picha wa kike lazima avae gomesi, gauni refu la sherehe, na gomesi ina mshipi mpana wa kung'aa unaofungwa kwa mbele, ncha zake zikining'inia. Nilikuwa nimependeza. Wageni walipoanza kuingia, mwamba wa Tororo ukiwa nyuma yao na mahema mbele, nikashusha kamera kiunoni, nikatia uso ndani ya gambuti, na skrini ikazima.

Niliizima kamera nikaiwasha. Ikawaka. Nikaiweka kiunoni, ikazima. Nilibadilisha betri huku jasho likinitoka, wakwe wakiwa wamekwisha kupiga magoti na kusalimia, na mimi sina hata picha moja. Shangazi wa bibi harusi, mama mnene aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa akinitazama kwa muda.

"Nyabo," akaniita, yaani bibie, "hii kamera yako nalala?"

"Sijui, Mama. Imekufa."

"Haikufa. Ukikuwa mbali nayo nafungua macho. Ukileta karibu na tumbo nalala. Mimi naona toka mbele."

Alikuwa sahihi. Kando ya kitundu cha kuchungulia kuna kijicho kidogo kinachotambua uso ukikaribia, kisha kinaizima skrini ili utazame kwenye kitundu. Kijicho kile kilikuwa kimeuona mshipi wa gomesi yangu kikadhani ni paji la uso. Nilirusha ncha za mshipi begani nikazibana na pini, kamera ikaamka. Jioni yake nilipekua menyu mpaka nikapata mahali pa kukiambia kijicho kile kinyamaze. Sijawahi kusikia mpiga picha wa nchi nyingine akisumbuliwa na gomesi, lakini pia wao hawavai.

Siku hiyo haikuwa tamu yote. Wale waliosimama karibu yangu walitoka na matundu ya pua kama ya ng'ombe, maana nilikuwa nawapiga kutoka chini. Nilijifunza kurudi nyuma hatua nne tano, na kuwapenda zaidi waliokaa. Mtu aliyekaa kwenye kiti, kamera yako ikiwa kiunoni, mko sawasawa. Wazee wote hukaa. Watoto wote ni wafupi.

Picha ya ukoo ndiyo iliyonishangaza. Watu kama arobaini walijipanga, wakasukumana, wakacheka, mtu akamkanyaga mtu, mjomba mmoja akamfunga mwenzake kifungo cha kanzu. Nilikuwa nikibonyeza muda wote. Kisha wakatulia na kunitazama. Dakika ikapita.

"Nyabo, sisi nangoja wewe uanze," mjomba akasema.

"Nimeshamaliza."

"Umemaliza saa ngapi? Sisi bado kujipanga."

Walikuwa wakingoja niinue kamera jichoni ndipo wavae nyuso. Niliwapiga na ile ya kujipanga pia, ili amani iwepo. Lakini waliyoichagua kuikuza, shangazi akiwa mbele yao kwa sauti, ni ile ya kifungo cha kanzu.

Jumapili iliyofuata nilitoka kwenye ubatizo Dabani nikapitia Masaba kumsalimia mama. Alikuwa amekaa kibarazani kwenye kigoda, anabambua njugu. Nilipiga magoti kwenye mkeka nikamsalimia kama tunavyosalimia, kamera ikashuka mapajani. Sikuiondoa. Mama alikuwa amekasirishwa na mbuzi wa jirani aliyekula mahindi yake, na alikuwa akimsema mbuzi yule, na ukoo wa mbuzi yule, na mwenye mbuzi, mpaka yeye mwenyewe akaanza kucheka. Nilitazama chini. Ndani ya gambuti alikuwepo mama yangu, mzima mzima, kicheko kimemkunja macho na ganda la njugu limemganda kwenye kidevu. Kamera ilikuwa imenyamazishwa. Nikabonyeza.

Hakujua. Alinifungia njugu kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka njiani.

Ile ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga maishani mwangu, na siku nne sikumwonyesha mtu. Nilijipa sababu kwamba nangoja muda mzuri. Siku ya nne, nikiwa nairekebisha rangi kidogo kwenye kompyuta, nilijikuta nawaza fremu gani itaifaa, na kwamba sasa hata ikitokea lolote picha ipo. Mama alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshaiweka mbele ya jeneza, na mwenyewe yuko hai anabambua njugu.

Nikaifuta kwenye kompyuta, ikabaki moja tu ndani ya kamera. Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Masaba, nikapiga magoti palepale.

"Mama, nimekuibia kitu."

"Kuku?"

"Picha."

Akaacha njugu. "Lini?"

"Jumapili, ulipokuwa unamsema mbuzi."

"Mbona sikukuona ukilenga?"

"Sikuinua. Niliiacha hapa mapajani nikatazama chini."

Alipangusa mikono kwenye sketi, akanyoosha mkono apewe. Nilimfungulia picha. Aliitazama muda mrefu, na mimi nikatazama miguu yake, maana sikuwa na ujasiri wa kutazama kwingine.

"Sina kitambaa kichwani," akasema.

"Huna, Mama."

"Futa."

Niliomba Mungu abadili neno lile. Hakulibadili. Nilibonyeza, kamera ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza tena. Nikamwonyesha skrini tupu ili aone sikumdanganya. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Mama aliniacha nilie kidogo, kama anavyomwacha mtoto aliyeanguka mwenyewe. Kisha akasema, "Sasa nionyeshe. Huko chini ulikuwa unatazama wapi?"

Nikamsogezea kamera. Alikishika kile kifuniko cha mpira kwa vidole viwili, na kidole gumba chake kikafika kwenye kiraka chekundu kikasimama.

"Hili ni la nani?"

"La baba."

"Umekata gambuti la baba yako."

"Ndiyo, Mama."

"La kushoto."

"La kushoto."

"Hilo lilikuwa linaingiza maji kabla hata wewe hujaolewa. Nilimwambia alitupe, akabandika hiki." Akakikwaruza kiraka kwa ukucha. "Hakuwa anasikia, yule mtu."

Akatia uso ndani. Alikaa humo muda mrefu kuliko hata fundi viatu. Nilimgeuzia kamera polepole, nikamsikia akisema humo ndani, sauti yake imezibwa na mpira, kwamba kumbe mihogo imekauka, kumbe jogoo anachechemea, kumbe paa la jiko limeinama upande. Vitu anavyovitazama kila siku. Alipotoa uso, nywele za mbele zilikuwa zimelala upande na alikuwa anatabasamu kidogo.

"Hii si kama ile nyingine," akasema. "Siku ile ulipompiga baba yako nilikuwa nimesimama jikoni. Alikuuliza atazame wapi, ukamwambia atazame kwenye kioo. Uso wako haukuwepo. Kulikuwa na kitu cheusi tu. Ile picha, macho yake, nimeitazama sana." Akakigusa tena kiraka. "Alikuwa anakutafuta nyuma ya kile kitu."

Miaka sita nilidhani mama ananihesabia kifo. Kumbe alikuwa ananihesabia uso wangu, kwamba sikumpa baba aondoke nao. Nilimwambia nimekosa. Akasema ndiyo, nimekosa, na kwamba sikujua. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, na mimi nikabaki na njugu.

Alitoka amevaa nguo ya kanisani na kitambaa cha bluu kichwani. Akakaa kwenye kigoda, akapanga sketi juu ya magoti.

"Wewe kaa palepale. Nitazame wapi?"

"Unitazame mimi, Mama."

Akanitazama. Mimi pia nikamtazama, nikishuka mara moja moja kwenye gambuti kuhakikisha hajatoka nje ya picha. Hakutabasamu, kwa kuwa kitambaa cha kanisani hakiruhusu. Lakini baada ya muda uso wa kanisani ulimchosha, akaanza mambo yake.

"Umekonda. Hilo bega unalifanyia nini? Unalikanda na maji moto au unaliangalia tu?"

Nilibonyeza hapo. Nilipomwonyesha, aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaihukumu.

"Hii weka. Lakini mkinizika tafuteni nyingine. Hii ni ya ukutani, nione watu wakila." Akachukua ungo wake wa njugu. "Ukija tena uje na misumari miwili. Baba yako yuko nyuma ya kabati tangu mazishi, ametazama ukuta."

Nilirudi Jumamosi na picha ya mama ndani ya fremu, pakiti nzima ya misumari, na nyundo ya kuazima, kwa kuwa ya nyumba ile ilichukuliwa na kaka yangu. Tulimtoa baba tukampangusa vumbi. Macho yake yalinitafuta, kama mama alivyosema, na safari hii hakukuwa na kitu kati yetu. Mkono wangu haukuweza kupanda, na mama ni mfupi na mgongo wake umepinda, kwa hiyo kila mtu alipigilia pale anapofika. Picha zote mbili zimetundikwa chini, usawa wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mgeni akitaka kuwaona, inabidi ainame.